Sufuria ya Fundi Saa

Shangazi yangu akiingia nyumbani kwa watu, haanzi kwa kusalimia wenyeji. Anaanza kwa kutazama jikoni. Ukimkaribisha sebuleni atakaa, maana ana adabu zake, lakini shingo itakuwa imepinda kuelekea mlango wa jiko, na kabla chai haijafika atakuwa ameshajua kwamba kifuniko chako umekifunga kwa kamba ya kiatu na kikaango chako kinacheza mpini. Hapo atafungua pochi. Wanawake wa umri wake hubeba humo leso, poda na picha za wajukuu. Yeye hubeba bisibisi, koleo dogo na kikopo cha skrubu. Kuna arusi moja ambayo bibi arusi alimsubiri wapige picha mpaka maua yakanyauka, na shangazi akaja kupatikana nyuma ya ukumbi, amevua viatu, ameinamia sufuria kubwa la wapishi, anakaza kishikio na kuwagombeza.

Hiyo ndiyo kazi yake. Anabadilisha vitu vilivyochoka kwenye vyombo vya jikoni: mipini ya vikaango, vishikio vya sufuria na vya vifuniko, midomo ya mabirika, mipira ya sufuria za presha. Chombo chenyewe hatengenezi wala hauzi, na ukimwomba akuuzie sufuria mpya atanuna kutwa. Kwake yeye sufuria haifi. Kinachokufa ni kile unachoshikia, na hicho kinabadilishwa.

Haya nayajua kwa sababu tunafanya kazi chumba kimoja, na sikuchagua mimi. Mimi ni msusi. Chumba alikiacha baba yangu, na shangazi ni dada yake baba, kwa hiyo tuligawana: upande wa dirisha ni wangu, na kioo changu na viti vya wateja, upande wa mlango ni wake, na fuawe lake, lile pande la chuma la kugongea, makoleo yake na mlima wa vyombo usiopungua hata siku moja. Yeye anagonga, mimi nasuka. Kila nyundo ikitua, mteja wangu anaruka. Nimejifunza kuchora mstari wa nywele kati ya pigo moja na jingine, na kama kuna mtu mjini mwenye mistari iliyopinda kidogo kisogoni, huyo amesukwa na mimi na asinilaumu.

Kisa cha yeye kuanza kazi hii nimekisikia mara nyingi kuliko ninavyopenda. Alikuwa mke mpya, bado anatembea kwa kunyata nyumbani kwa watu. Mama mkwe alikuja kumtembelea, akaketi palepale jikoni amwone anavyopika. Shangazi akashika kifuniko cha sufuria akiinue. Kishikio kikabaki mkononi, kifuniko kikatumbukia kwenye mchuzi, mchuzi ukaruka ukatua juu ya mama mkwe. Mwingine angelia, au angepiga magoti aombe radhi. Shangazi alikigeuzageuza kile kishikio mbele ya macho yake, kisha akamweleza mama mkwe, aliyekuwa anajifuta usoni, kwamba shida ni skrubu, waliotengeneza walitia ya bati laini. Siku hiyohiyo alitia kishikio kipya cha kizibo cha chupa na msumari. Mama mkwe hakumsamehe mapema, lakini baadaye alimletea birika lake alitazame. Mume naye, Mungu amrehemu, waliishi kwa amani mpaka mwisho, akiwa na kosa moja tu la kufungulia chupa kwa mpini wa kijiko.

Ana utaratibu wake na hauvunji kwa ajili ya mtu. Ukimletea chombo anakuhoji kama daktari: unapikia kuni, mkaa au gesi, unashika kwa kitambaa au kwa ujasiri, nani mwingine anaingia humo jikoni na ana tabia gani. Halafu anakushika mkono. Anaukunja, anaukunjua, anapima kiganja kwa uzi, kwa sababu kishikio kisichomtosha mtu, anasema, ndicho kinachomwagia mtu uji miguuni. Baada ya hapo ndipo anatoboa na kugonga ribiti, yaani zile pini fupi za kichwa bapa zinazoshikamanisha kishikio na sufuria. Na bado hujapewa chombo chako. Anakijaza mawe, anakining'iniza kwa kishikio hichohicho kwenye ndoano ya dari, na ndoano yenyewe iko juu ya mlango. Wateja wangu wote huingia wameinama. Nimemwomba aihamishe, akaniambia kwamba kishikio angekitilia shaka asingekining'iniza juu ya vichwa vya watu, na mtu anayeona chombo kizito juu ya mlango wake na bado akapita ndiye anayejua kazi nzuri.

Msemo wake ulikuwa mmoja: changu hakirudi. Na kweli, hakikuwa kinarudi. Mpaka alipokuja fundi saa.

Fundi saa ana kibanda upande wa pili wa barabara, kinatazamana na mlango wetu. Ni mgane wa siku nyingi, mtu mpole, mwenye sauti ya chini kiasi kwamba akikusalimia unalazimika kumsogelea. Kutwa amekaa na lenzi jichoni, anashika kwa kibano vidude ambavyo mimi hata nikipewa darubini sivioni. Siku ya kwanza alileta sufuria ndogo ya mtu mmoja, ya kuchemshia yai na maziwa. Kishikio kilikuwa kimelegea kwa haki kabisa, kwa uzee. Shangazi akamhoji. Anapikia gesi, anashika kwa kitambaa, jikoni haingii mtu mwingine. Shangazi akamshika mkono.

Nilikuwa nasuka, nikaona yote kwenye kioo. Shangazi anapima kiganja, anakunja vidole, anakunjua, huku anamkaripia kwa nini alisubiri mpaka kishikio kikacheza namna ile. Na yule mtu mzima amesimama hapumui, masikio yamemwiva. Alipoachiwa mkono hakuushusha, aliubakiza palepale hewani. Nilijua saa ileile. Mteja wangu naye alijua, akanifinya paja. Mtu pekee ambaye hakujua kitu ni shangazi, aliyekuwa ameshageuka kutafuta ribiti.

Kuanzia hapo akawa haishi kuja. Alileta kifuniko, alileta kikaango, alileta birika, alileta hata kichujio cha chai. Kila akija amevaa viatu vya ngozi vinavyong'aa, shati limenyooka, marashi yanatangulia barabara nzima. Mtu anayevuka njia na kikaango kwapani. Nikatega sikio nisikie ataanza vipi.

"Habari za kazi, fundi?" anasema yeye.

"Nzuri, fundi. Lete," anasema shangazi.

Basi. Mazungumzo yameisha. Anampa chombo, anasimama kidogo anatazama sakafu, anarudi kibandani kwake kumtazama shangazi kutoka mbali kupitia lenzi ya kutazamia saa. Nilikuwa natamani kumrushia chanuo. Mimi sina subira na watu wa namna hiyo. Kama una neno, liseme, au ukae nalo kwako usinisumbue roho.

Ikafika siku vyombo vyake vyote vikawa vimetengenezwa, na kwa kuwa vilitengenezwa na shangazi, vikakaa sawasawa. Fundi saa akapotea. Nikasema moyoni, haya, mapenzi yameishia kwenye kichujio. Kumbe nilimdharau. Alirudi na ileile sufuria ndogo ya kwanza, mkono mmoja ameshika sufuria, mkono wa pili ameshika kishikio, amekifunga kwenye leso safi kana kwamba amebeba jino la mtoto.

Shangazi aliipokea ile leso kwa mikono miwili, nami nikaacha kusuka. Akakifungua, akakitazama, akasema kwa upole ambao sijawahi kuusikia kwake kwamba hilo halijapata kutokea, kwamba anaomba radhi, kwamba atakitengeneza bure. Akatia ribiti nene zaidi. Ile sufuria ikaning'inia na mawe juu ya mlango, ikaenda kwa mwenyewe, na haikupita muda ikarudi, kishikio ndani ya leso. Akatia kishikio cha chuma. Kikarudi. Akatia chuma na bolti, na nyuma ya bolti kipande cha bati cha kuizuia, mpaka kile kisufuria cha yai kikawa kinainamia upande wa kishikio chenyewe bila kuguswa, na ukitaka kikae juu ya jiko lazima utie maji kwanza. Hicho nacho kikarudi.

Nilijaribu kumwambia. Nilimwambia waziwazi kwamba mtu yule hana shida na sufuria, ana shida na yeye. Shangazi alinikata jicho.

"Mwanangu," alisema, "mtu akikupenda hakuletei aibu."

Na aibu ilikuwa kweli. Mtaa una macho. Watu walikuwa wanamwona fundi saa akivuka barabara na leso yake, wakaanza kuuliza. Mwanamke aliyeletewa birika lake tayari alilitikisa mara mbili kabla ya kulipokea. Mwingine aliuliza, kwa mzaha ambao haukuwa mzaha, kama hiki nacho kitang'oka kama cha fundi saa. Shangazi alicheka pamoja nao, lakini usiku nilimsikia jikoni kwetu akivuta vishikio vya sufuria zetu wenyewe, kimoja baada ya kingine.

Ndipo akaja mpishi mkuu wa shule ya bweni. Huyu ni mwanamke mnene, mtulivu, mwenye mikono iliyoungua mpaka haisikii tena, na jiko lake lina masufuria ambayo mtu mzima anaweza kuyaogea. Vishikio vyake karibu vyote vilikuwa vimechoka. Shangazi alikuwa anaitamani kazi ile kwa miaka. Si kwa faida yake tu, bali alikuwa hapati usingizi kwa kuwaza uji wa moto wa watoto wa shule nzima unabebwa kwa vishikio vilivyofungwa kwa waya. Siku ile alipiga aproni pasi. Mpishi akaingia, akainama chini ya ndoano, akapewa kiti changu kimoja. Akashika kazi za shangazi moja moja, akavuta, akatikisa, akatikisa kichwa kwa kuridhika. Alikuwa ameshafungua mdomo kusema gari litaleta masufuria lini.

Marashi yakaingia. Nikafumba macho.

"Habari za kazi, fundi?" alisema fundi saa, akafungua leso.

Mpishi mkuu alikitazama kile kishikio cha chuma, akazitazama zile bolti zilizokatika. Hakusema neno baya hata moja. Aliinuka, akamshukuru shangazi, akaeleza kwa utaratibu kwamba yeye anabeba uji unaochemka katikati ya watoto, na kama kishikio kikubwa namna hii kimeshindwa kushika yai la mtu mmoja, itabidi akafikirie kwanza. Akainama, akatoka. Fundi saa alibaki amesimama na leso, na nadhani ndiyo mara ya kwanza alielewa anachokifanya, maana rangi ilimtoka, akaweka kishikio juu ya fuawe na kuondoka bila kuaga.

Baada ya hapo shangazi aliacha kugonga. Sikujua kwamba kimya kinaweza kukera namna ile. Wateja wangu walikaa wametulia, mistari ikanyooka kama ya rula, na mimi mikono ikawa mizito. Alikaa kwenye kigoda chake akitazama mikono yake, kiganja na kwa nyuma. Watu wakileta vyombo aliwaelekeza waende kwa wachomeleaji wa geti, kule mwisho wa barabara, watu ambao kwao sufuria na mlango wa duka ni kitu kimoja. Nilimuuliza anafanya nini. Akasema mkono ukishaanza kudanganya, mwenye mkono anapaswa kuwa wa kwanza kukiri, na kwamba chumba chote kitakuwa changu, nitaongeza viti. Alisema hivyo bila kulia, na mimi nikaingia nyuma ya pazia nikalia badala yake.

Siku iliyofuata nilikuwa na nesi mmoja kitini, mteja wangu wa zamani, nusu ya kichwa nimeshasuka na nusu imesimama yenyewe. Shangazi alikuwa amekichukua kile kishikio cha mwisho anataka kukitupa. Hakukitupa. Nikamwona anakisogeza dirishani, anakirudisha, anakisogeza tena. Akaniomba kioo cha mkono, akauelekeza mwanga kwenye mahali bolti ilipokatikia. Kisha akavuta debe lake la vitu vilivyochoka, maana hatupi kitu yule, akamwaga ribiti kuukuu zote sakafuni, akapiga magoti katikati yake.

"Njoo uone," aliniita, na nesi akaja pia na chanuo langu kichwani.

Akatueleza. Chuma kikichoka kinakatika kwa kuraruka. Kinakuwa na meno, kinakuwa na kutu upande mmoja, kinapinda kabla hakijaachia. Akatuonyesha moja, nyingine, nyingine. Zote zilikuwa na meno. Halafu akatukabidhi kishikio cha fundi saa tuitazame bolti yake. Ilikuwa imekatika sawa, bapa kabisa, na si hivyo tu, ilikuwa inang'aa. Ungeweza kujiangalia humo ukatengeneza nyusi. Chuma gani kinachokatika halafu kinajipiga msasa?

Nesi ndiye aliyesema kwa sauti ya chini kwamba hiyo ni kazi ya msumeno. Shangazi alikuwa ameshainuka, nyundo mkono mmoja, kishikio mkono wa pili, anavuka barabara bila kutazama magari. Nikamfuata na chanuo la pili. Nesi akatufuata na taulo shingoni na nusu ya nywele juu, nikamwambia arudi akae, akasema hata kwa dawa.

Fundi saa aliinua kichwa na lenzi bado iko jichoni, jicho moja dogo na jingine kubwa kama la ng'ombe. Shangazi aliweka kile kishikio na bolti yake juu ya kioo cha meza yake, taratibu.

"Nani amekata hii?"

Kibano kikamponyoka. Mtu ambaye hajawahi kuangusha hata mshale wa saa ya kike, kibano kizima kikaanguka chini.

"Mimi," alisema.

Nilidhani nyundo itashuka. Lakini shangazi kwanza ni fundi, mengine yote yanakuja baadaye, na lile swali lilikuwa linamsumbua kuliko hata hasira.

"Na kwa nini umeipiga msasa?"

Fundi saa alitoa lenzi. Akasema alijaribu kuiacha hivyohivyo, akashindwa. Ilikuwa na makwaruzo. Alilala, akaamka, akaisugua. Alisema hivyo kwa aibu kubwa kuliko aliposema amekata, na nikaona shangazi, licha ya yote, ametikisa kichwa kidogo kwa kuelewa. Halafu akakumbuka kwamba ana hasira, akamuuliza sababu.

Fundi saa alitazama saa zake ukutani, alinitazama mimi, alitazama nywele za nesi ambazo hazikumsaidia. Mwisho akasema, kwa sauti ile ambayo lazima umsogelee, na sote watatu tukamsogelea:

"Ukitengeneza wewe kitu hakiharibiki, fundi. Vyombo vyangu vyote vilikuwa vimepona. Ningekuja kwa sababu gani?"

Nesi alishika moyo. Mimi nilishika kichwa. Shangazi alishika nyundo vizuri zaidi. Akamwambia kwamba amesikia, na kwamba hilo litajadiliwa siku yake, lakini leo kuna jina lake ambalo limetupwa jalalani na mtu anayeogopa kufungua mdomo, na mtu huyohuyo ataliokota, kwa mdomo huohuo, mbele ya yule yule aliyemsikia akilitupa. Akamwamuru afunge kibanda.

Tukaenda shule ya bweni kwa miguu. Shangazi mbele na nyundo, fundi saa nyuma yake na kishikio, mimi na chanuo, nesi na nusu kichwa. Njiani watu walitupisha. Mpishi mkuu alikuwa uani kwenye jiko lake, anakoroga kwa mwiko mrefu kuliko yeye, na wasaidizi wake wanaosha vyombo kandokando. Shangazi alisalimia, akasogea pembeni, akamwacha fundi saa katikati ya uwanja peke yake.

Alianza kwa kuzunguka. Kulikuwa na hitilafu ndogo, alisema. Kulitokea hali fulani.

"Sema," shangazi alimwambia.

"Kishikio hakikung'oka," alisema. "Nilikikata."

Mpishi mkuu aliacha kukoroga. Akauliza kwa nini mtu mwenye akili timamu akate kishikio cha sufuria yake mwenyewe. Fundi saa akamwangalia shangazi, akapata kitu huko alichokuwa anakikosa siku zote, kwa sababu sauti iliyomtoka safari hii ilisikika mpaka kwa waosha vyombo wa mwisho.

"Nilitaka anione tena. Nampenda, na sikujua njia nyingine."

Vikombe vikaacha kugongana. Mtu mmoja kule nyuma alijichekesha, akapigwa kikumbo. Shangazi alikuwa anatazama ardhini, na nilimwona, kwa mara ya kwanza tangu nizaliwe, hajui aweke wapi nyundo. Aliihamisha kutoka mkono huu kwenda ule, akaishika kifuani, akanipa mimi.

Mpishi mkuu hakuwa mtu wa kushikwa na mapenzi ya wengine saa ya chakula cha watoto. Alikichukua kile kishikio, akakipima uzito mkononi, akamuuliza fundi saa jambo moja tu: kukikata kulimchukua muda gani. Fundi saa, ambaye ni mkweli hata asipoombwa, alisema alianza alfajiri, akala chakula cha mchana juu yake, akamaliza jua linazama, na alivunja misumeno yote ya dukani kwake ikabidi akaazime kwa fundi bomba. Kishikio cha kwanza kilikuwa rahisi kidogo, alisema, lakini kila alipomrudishia shangazi, fundi huyo alizidi kumtesa.

Mpishi mkuu alitazama masufuria yake, na wale watoto waliokuwa wanaanza kupanga mstari na sahani zao.

"Gari litakuja asubuhi," alimwambia shangazi. "Na vyote vitiwe namna hii."

Shangazi alisema asante mara moja, kwa utulivu, kama mtu aliyepewa chenji. Alipofika nje ya geti ndipo akakaa juu ya jiwe la kandokando ya barabara, akafunika uso kwa aproni, akalia. Nesi alitaka kumpima mapigo ya moyo. Fundi saa alisimama mbali kidogo akiikunja leso yake, akiikunjua. Alipomwona shangazi amejifuta macho, alimwendea akamwambia kwamba hatakata kitu tena maisha yake yote, na kwamba kama amemchukia ana haki.

"Hujui kukata," shangazi alimwambia. "Mtu anayejua kukata haachi ushahidi unang'aa."

Kesho yake gari lilikuja, na chumba chetu kikajaa masufuria mpaka mimi nikawa nasukia barazani. Shangazi aligonga tangu asubuhi, nyumba nzima ikitetemeka, na mistari ya wateja wangu ikarudi kupinda, nami sikulalamika. Mchana marashi yakaingia. Fundi saa alikuwa mlangoni, viatu vinang'aa, shati limenyooka, na hakubeba kitu. Hakuna sufuria, hakuna leso. Mikono yake ilikuwa inaning'inia tu, haina kazi, na ilionekana kumsumbua sana.

Shangazi alimtazama huko chini kwenye mikono, akamuuliza ameleta nini.

"Sikuleta kitu," alisema. "Nimekuja kukuona."

Shangazi aliweka nyundo chini. Akaivuta sufuria moja kubwa ya shule, akaigeuza kifudifudi kando ya kigoda chake, akaifuta juu kwa aproni.

"Basi kaa hapa," alisema. "Ila usiguse kitu."